Tupeane uzoefu: ulijiona lini ndani ya gemu, na ulijificha lini?

mwanga_sokoni
Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma, Mwanga. Gemu nimeanza nikiwa darasa la tano kwenye kibanda cha PS2, mia mbili mechi moja, na aliyepita vibanda vile anajua tulivyokuwa tunamgombania Eddy, yule mpiganaji mweusi kwenye gemu la ngumi la Tekken 3, na CJ, yule jamaa mweusi unayemwongoza kwenye GTA San Andreas, ndo usiseme. Mi Kiingereza cha zile misheni nilikuwa sielewi hata kimoja ila naweza kumaliza hela yangu yote nimempeleka tu CJ saluni namnyoa, namsuka, namfuga afro, maana zile nywele ni kama zangu na sikuwahi kuona gemu linalojua nywele zetu zinafanywaje.

Sasa kilichonifanya nianzishe uzi ni cha mwezi uliopita. PUBG Mobile, lile gemu la kupigana risasi kwa simu mnacheza timu mtandaoni, tumekutana wanne wote Wabongo, nikafurahi maana huwa nachagua seva ya Middle East na kupangwa na Waarabu tusioelewana. Nikawasha maiki. Mmoja akauliza uko wapi, nikasema Kigoma. Basi, kuanzia hapo jina langu likafa, ni Mrundi lete risasi, Mrundi kitambulisho cha NIDA umepewa na nani, hadi mechi inaisha. Babu yangu kazikwa Ujiji! Na hata ningekuwa Mrundi, Warundi ni jirani zetu na shemeji zetu, siyo tusi hilo. Tangu siku ile nacheza maiki imezimwa. Tupeane uzoefu wakuu.

embe_dodo
Pole sana mkuu. Mi Tabora, Isevya. Ya kwangu ni Resident Evil 5, gemu la kutisha la 2009, niliicheza kwa braza mmoja mtaani alikuwa na PS3. Usiku, taa tumezima, mara wale maadui wanapiga kelele na mi NAELEWA. Kiswahili aisee! Na jina lao wanaitwa Majini, neno letu kabisa. Nikakimbia kumwita mdogo wangu aje asikie. Halafu kadiri tunavyocheza ile furaha ikaanza kuniisha, maana wanaoongea Kiswahili ni wale wa kupigwa risasi tu, anayewafyeka ni Mzungu Chris, ndo shujaa unayemcheza, na eneo lenyewe Kijuju ni la kubuni wameliweka Afrika Magharibi ambako watu hawaongei Kiswahili. Ndo kusema kwao Afrika ni kijiji kimoja. Sheva, yule dada anayeongozana na Chris, ni Mwafrika na nilimpenda, ila haikutosha kunirudishia ile raha ya mwanzo. Nimekuja kujua ukubwani kwamba tangu trela ya 2007 kuna watu walishasema huu ni ubaguzi. Mi nilikuwa nadhani ni moyo wangu tu unanisumbua.

sauti_ya_pili
Embe_dodo we ulisikia Kiswahili cha majini, mi nilisikia cha sala. Civilization IV ya 2005, gemu la kujenga himaya, kwenye kompyuta ya mjomba hapa hapa Tabora, unaifungua tu unakutana na kwaya inaimba Baba Yetu, Sala ya Bwana yote kwa Kiswahili. Kautunga Christopher Tin, Mmarekani mwenye asili ya China, na 2011 ukachukua Grammy, wimbo wa kwanza kutoka kwenye gemu kuipata. Nilikuwa kwaya ya vijana kipindi hicho. Nilikaa naurudia ule mwanzo bila hata kubonyeza kucheza.

dada_wa_kibirizi
Kaka zangu nyie mlikuwa mnaingia kibandani, mi kuingia tu ilikuwa kesi, nyumbani naambiwa nitaharibika na kibandani naambiwa jike dume nenda kaoshe vyombo. FIFA 16 ilipotoka 2015 wakasema wameweka wanawake kwa mara ya kwanza, timu 12 za taifa. Nikazipitia moja moja natafuta ya Afrika. Hakuna. Si Nigeria, si Cameroon, Twiga Stars ndo hata nisiiote. Nikachukua Brazil kwa sababu pale angalau niliona dada wenye rangi yangu.

Sasa hivi nacheza Free Fire, gemu jingine la risasi la kwenye simu, kwa jina la kiume, miaka mitatu hii, na nasifiwa kweli, kaka unalenga vizuri, kaka tuongoze. Siku moja maiki ikawaka bahati mbaya mwanangu ananiita mama. Kimya. Halafu mmoja akaanza kuomba namba, mwingine akasema ndo maana tunafungwa, na ile mechi tulikuwa tunaongoza mimi ndo nimeua wengi! Nikafungua akaunti mpya, jina la kiume tena.

reli_ya_kati
Samatta ndani ya FIFA 20. Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza, namchukua Aston Villa hata nikijua nakula tano. Sina zaidi.

kofia_pana
Nimesita kuandika, ngoja niandike. Mi nina ualbino, nipo Urambo. Miaka ile ya 2007, 2008 wenzetu wanauawa, mama hakuniruhusu kutoka jua likizama, hata choo cha nje tulienda wawili. Mjomba akaniletea PS2 ya mtumba nisikae nalia ndani. Kulikuwa na gemu la mieleka unatengeneza mtu wako mwenyewe, nikaweka rangi nyeupe ya mwisho kabisa, pua yangu, midomo yangu, nywele za kipilipili nikazipaka njano. Saa nzima. Binamu akaja akauliza huyu Mzungu mbona umemharibu pua. Nikamwambia ni mimi huyo. Akanyamaza, akachukua pedi ya pili ya kuchezea, akamchagua awe timu yake.

Mpaka leo sijakutana na Mwafrika mwenye ualbino ambaye watengenezaji wamemweka wenyewe, mtu tu anayeishi maisha yake. Lingine ni macho, uoni wetu hafifu, maandishi ya gemu nyingi ni punje za ulezi na ukisogelea TV unaambiwa unaziba. The Last of Us Part II ya 2020 ina setingi zaidi ya 60 kwa wenye ulemavu, kukuza maandishi imo. Kwa hiyo inawezekana jamani.

mwanga_sokoni
Kofia_pana nimekusoma mara tatu. Asante kwa kuandika.

Embe_dodo kuna gemu linaitwa Tales of Kenzera: Zau, limetoka Aprili 2024, la Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ndo yule sauti ya Bayek, shujaa wa gemu la Assassin's Creed Origins. Kalitengeneza kutokana na msiba wa baba yake. Unaweza kuchagua sauti za Kiswahili, na safari hii anayeongea Kiswahili ndo shujaa, kijana Zau anaenda kudai kwa mungu wa kifo baba yake arudishwe. Mashine ya kulicheza sina, nimeliangalia YouTube kwa bando la usiku. Mi baba kafariki mwaka juzi. Nilifika pale anapomtaja baba yake nikazima simu, kesho yake ndo nikamalizia.

Dada wa Kibirizi, Free Fire naipakua usiku huu. Nitumie ID inbox, kofia_pana na wewe. Jumamosi saa tatu usiku, maiki nitawasha.