Kufufua gari la brekidauni lililoliwa na kutu: nianzie wapi?

MkaziUsaRiver aliuliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Baba mkwe ameniachia gari la brekidauni (la kuvuta magari yaliyoharibika) aina ya Bedford TK, lenye injini ya dizeli ya silinda sita ya inchi za ujazo 330, ambayo ni karibu lita 5.4, na nyuma yake limefungwa kreni ya kuzungusha kwa mkono yenye kibati cha Harvey Frost. Liliwahi kufanya kazi katika gereji moja mjini Arusha, kisha likaegeshwa chini ya migrevilea hapa Usa River, ambako majani yamerundikana juu ya chasisi na kuhifadhi unyevu masika baada ya masika. Sakafu ya kebu upande wa dereva imetoboka, milango imeoza sehemu ya chini, injini imekataa kuzunguka, na waya wa kreni umekuwa mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nia yangu ni kulitengeneza hapa hapa nyumbani siku za mapumziko, nikisaidiwa na kijana wa jirani ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti. Nina grenda, mashine ya kuchomelea, jeki na umeme wa kawaida wa nyumbani. Wanaopita getini wananishauri nianze na kebu, niizibe, niipige pati na rangi, kwa sababu gari likianza kupendeza hata moyo wa kuendelea unapatikana. Mimi nina wasiwasi na ushauri huo, ila sina hoja ya kuupinga. Je, mnaojua kazi hizi mngeanzia wapi? Kutu ya kiasi hiki inaondolewaje bila kulipeleka gari lote kupigwa mchanga? Na ile kreni, inaweza kuaminiwa tena?

FundiUngaLtd alijibu:

Ndugu, wasiwasi wako una msingi. Gari la abiria likioza kebu, umepoteza sura. Gari la kuvuta likioza chasisi, umepoteza gari lenyewe, na pengine mtu aliyesimama nyuma yake. Kwa hiyo acha kebu kama ilivyo, futa majani na udongo wote, kisha lala chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chasisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na nyundo hurudi. Chuma kilicholiwa hutoa sauti iliyokufa na magamba huanguka. Pale ambapo bisibisi inazama, weka alama ya chaki na usijidanganye kwamba panahitaji rangi tu.

Tazama zaidi sehemu ambazo bamba mbili zimelala pamoja, hasa pale fremu ya kreni ilipofungwa juu ya chasisi. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwapo, hivyo ikiingia katikati ya bamba mbili huzisukuma zitengane, hupindisha bamba na hata kukata ribiti. Ukiona bamba zimevimba, itabidi fremu ya kreni ishushwe. Hakuna namna ya kusafisha katikati bila kuzitenganisha, na ninaona ni heri uishushe hata kama hujaona uvimbe, kwa sababu ndipo mzigo wote unapokalia.

Kuhusu kijana wa mageti, mwache achomelee sakafu ya kebu na milango, lakini chasisi mpe mtu aliyezoea malori. Chasisi ya lori ni chuma chenye umbo la mfereji, na mkazo mkubwa uko kwenye kingo zake za juu na za chini. Mtu akichomelea mstari ulionyooka kukatiza ukingo, au akitoboa tundu la bolti kwenye ukingo, amepanda mahali ambapo ufa utaanzia. Bamba la kuimarisha hukatwa ncha zake kwa mshazari ili mkazo usisimame mahali pamoja, na bolti hupita kwenye ukuta wa wima. Kabla ya kuchomelea popote, toa nyaya za betri, na tangi la dizeli lishushwe liwekwe mbali. Usikubali mtu yeyote alichomelee tangi hilo kwa hoja kwamba limekaa tupu miaka mingi, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka.

Jambo dogo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: tafuta namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma, isafishe kwa brashi ya mkono tu, ipige picha na uilinganishe na kadi ya gari. Grenda ikipita juu ya namba hiyo, siku ya kubadilisha umiliki pale TRA utakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

BintiPasua alijibu:

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu mpangilio. Mimi nitajibu swali la kutu, kwani hapa Moshi tunafanya kazi nyingi za vipuri vya trekta za zamani.

Kwa chasisi na vitu visivyoweza kuzamishwa hakuna njia ya mkato: ni kukwangua, kugonga magamba, kupitisha brashi ya waya ya grenda, kisha kupaka asidi ya fosforiki kwenye vishimo ambavyo brashi haifiki. Asidi hiyo hugeuza mabaki ya kutu kuwa fosfati ya chuma, ambayo hushika praima vizuri. Fuata maelekezo ya kopo, acha ikauke kabisa, na upake praima kabla umande wa usiku haujakikuta chuma kikiwa uchi. Naomba usitumie maji ya betri kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, kwani asidi hiyo hubaki kwenye maungio na kuendelea kula chuma chini ya rangi.

Vipuri vinavyotoka, kama bawaba, vishikio, mabano na kava za chuma, vizamishe kwenye molasi. Molasi ya kiwanda cha sukari cha TPC huuzwa kwenye maduka ya vyakula vya mifugo kwa bei isiyoumiza. Changanya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa au kumi za maji ndani ya pipa la plastiki, zamisha vipuri visivyo na grisi wala rangi, funika, na usubiri kati ya wiki moja na tatu. Mchanganyiko huo hula kutu na kukiacha chuma chenyewe karibu kama kilivyo. Utanuka, na nzi watakuja kwa wingi, kwa hiyo pipa likae mbali na jiko. Usitie aluminiamu humo, kwani italiwa.

Ukiwa na haraka, njia ya umeme ni nyepesi zaidi. Tia soda ya kufulia kwenye maji, karibu kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita nne, fungia kipuri upande hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na upande chanya ufungie kipande cha chuma cha kawaida bila kuviacha viwili hivyo vigusane. Watu wa Arusha hupenda kutumia magadi ya Ziwa Natron kwa sababu yako karibu, na kweli yanafanya kazi, ila huwa yamechanganyika na chumvi, na chumvi ndiyo rafiki mkubwa wa kutu. Ukiyatumia, suuza kipuri kwa maji mengi. Fanya kazi hiyo nje, kwa kuwa hidrojeni inatoka na inawaka. Upande chanya usiweke chuma cha pua hata siku moja, maana maji yatakuwa na sumu ya kromiamu.

Kuna vitu ambavyo havipaswi kuingia kwenye umeme wala asidi: ndoano ya kreni, minyororo, springi na bolti ngumu. Hidrojeni hupenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla bila kupinda kwanza. Hivyo visafishe kwa brashi.

Tena, rangi ya gari la umri huo huenda ina risasi, na bitana za breki huenda zina asbesto. Msasa upitishwe na maji, vumbi la breki lisipulizwe kwa hewa bali lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, na watoto wasicheze karibu na sehemu hiyo.

MstaafuKarakana alijibu:

Wanangu mmesema vizuri. Nitaongeza habari za injini na magurudumu.

Injini ya TK imekaa nyuma ya viti na chini yake, na hufikiwa kwa kufungua vifuniko vilivyo nyuma ya milango, kwa sababu kebu ya TK hailazwi mbele kama ya TL iliyokuja mwaka 1980. Hivyo kebu iliyooza haikuzuii kuanza kazi ya injini. Usijaribu kuikwamua kwa kulivuta gari likiwa kwenye gia. Utapinda fito za pistoni. Toa nozeli zote, mimina kwenye kila silinda mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya gia boksi ya otomatiki, uache siku kadhaa, kisha jaribu kuzungusha gurudumu la injini kwa mtaimbo, mbele kidogo na nyuma kidogo. Ikisogea hata upana wa kidole, ongeza mafuta na uwe na subira. Ikikataa kabisa, fungua kichwa cha silinda uangalie kama maji yameingia.

Ikikubali kuzunguka, mwaga oili yote, weka oili na filta mpya, na pampu ya dizeli pamoja na nozeli uzipeleke kwa fundi wa pampu. Hapa nasisitiza. Pampu iliyokaa miaka mingi inaweza kuganda ikiwa imefunguka, na injini ya dizeli ikiwaka katika hali hiyo hupanda mizunguko yenyewe wala haisikii kamba ya kuzimia. Dawa yake ni kuinyima hewa. Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, mtu mmoja asimame na kipande cha ubao mnene kinachofunika mdomo wa hewa, na kazi yake iwe hiyo tu.

Breki usizirudishie raba za zamani hata kama zinaonekana nzima. Silinda za magurudumu, raba na mipira yote ibadilishwe, na mabomba ya chuma yaliyoota kutu yatolewe.

Magurudumu ya lori hilo yana ringi ya kufungia tairi. Toa upepo wote, na valvu itolewe kabisa, kabla hujalegeza nati yoyote. Ringi iliyoliwa na kutu ikichomoka wakati wa kujaza upepo inaua, kwa hiyo tairi lijazwe ndani ya kizimba cha chuma na mjazaji asimame pembeni akiwa na mpira mrefu. Nakisia matairi yako bado ni ya General Tyre ya hapa Arusha, kiwanda ambacho kiliacha kuzalisha miaka mingi iliyopita. Kama ndivyo, hata yakiwa na kashata (meno ya tairi) nzima, yaache yawe ya kulisukumia gari uani.

MkaziUsaRiver aliandika:

Shikamoo Mzee, na ninawashukuru wote. Nimegonga chasisi kama nilivyoelekezwa: mbele ni nzima, ila nyuma, chini ya fremu ya kreni, bamba zimevimba upande wa kulia. Nimekubali kuishusha. Limebaki swali la kreni, kwani jirani yangu ana magari ya kubeba mchanga na ameshaanza kuniuliza nitaanza lini kuyavuta.

MstaafuKarakana alijibu:

Marahaba mwanangu. Malori ya mchanga mwambie asahau. Kreni ya mkono ya aina hiyo ilikusudiwa kuinua ncha moja ya gari, na uzito unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kibati chake, ukifutika, usikisie.

Waya wa sasa utupwe wote, usikatwe kipande kinachoonekana kizuri, kwa kuwa kutu ya waya huanzia ndani. Nunua waya mpya ambao nguvu yake ya kukatika ni angalau mara tano ya mzigo utakaoinua, yaani kwa mzigo wa tani 2 utafute wa tani 10. Zisipungue raundi tatu zinazobaki kwenye ngoma hata ndoano ikifika chini. Klipu za kufungia zikae zote upande mmoja, tandiko, yaani kitako cha klipu, likilalia upande wa waya unaobeba mzigo na si ule mkia. Kisha angalia meno ya gia na kile kidole kinachozuia ngoma isirudi nyuma: kikiwa kimelika, kichongwe kipya na fundi wa lezi, kisijazwe kwa kuchomelea.

Halafu fanya hesabu hii kabla ya kuinua chochote. Tuseme ndoano iko mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kati ya ekseli mbili kuna mita 3.5. Ukiinua kilo 1,000, ekseli ya mbele inapunguziwa karibu kilo 570. Usukani utakuwa mwepesi hadi gari likatae kukata kona, jambo ambalo kwenye mteremko wenye tope hutalipenda. Ndiyo maana magari mengi ya zamani ya kuvuta yalifungwa uzito kwenye bampa la mbele; pima lako, uone kama uzito huo bado upo au uliuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

FundiUngaLtd alijibu:

Naongeza kwamba jaribio la kwanza lifanyike uani, kwa mzigo unaoujua uzito wake, ulioinuliwa kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini na kuachwa ukining'inia huku ukikagua bolti za fremu, wala asikae mtu kwenye mstari wa waya. Ukishusha fremu, weka picha za zile bamba hapa kabla hujakata kitu. Huenda upande wa kulia unahitaji kipande kifupi tu, na kwa vile bado hatujaingia kwenye masika, unao muda wa kuipaka praima ikiwa kavu.