Jibu: Jiwe la kung'aa kutoka Kambove, niuze bei gani?

Kutoka Liège

Ndugu zangu, habari za huko. Baba mkwe alifanya kazi mgodini Kambove, kule Katanga, Kongo, na ametuachia jiwe la ukubwa wa ngumi. Chini ni kalisaiti nyeupe (yale madini ya chokaa), juu yake fuwele za kijivu zinazong'aa sana. Sonara mmoja hapa ameliita pairiti (madini ya chuma na salfa), akataka kunipa euro 20. Mwingine anasema ni karolaiti (madini ya shaba, kobalti na salfa) na yuko tayari kununua kwa kilo, kwa sababu ya ile metali ya kobalti. Nimwamini nani?

Kutoka Antwerp

Dada, usiuze kwanza. Pairiti ina umanjano hafifu, yako umesema ni kijivu. Tazama umbo: karolaiti ya Kamoya, mgodi wa upande huohuo wa Kambove, mara nyingi ina nyuso za pembetatu, pande nane, laini kabisa. Ikikaa miaka mingi huenda ikaingia wekundu au zambarau kidogo. Galena, madini ya risasi, nayo ni kijivu, lakini ni laini, nzito mno, na huvunjika kwa vipande vya mraba.

Usipime uzito wake ndani ya maji ukadhani umepata jibu: kalisaiti iliyoshikamana nayo ni nyepesi, itakudanganya. Wala usikwaruze fuwele kwa kisu! Mkwaruzo mmoja kwenye uso wa mbele unashusha bei kuliko unavyofikiri. Siki pia mwiko, inakula kalisaiti.

Huyo wa kilo mkimbie. Hata karolaiti safi ina kobalti kama asilimia 38 tu, na jiwe lako sehemu kubwa ni kalisaiti. Mkusanyaji hanunui kobalti. Analipia ukubwa wa fuwele, ukali wa kingo, mng'ao, na jinsi inavyokaa juu ya ile nyeupe. Jina lenyewe limetoka Carroll County huko Maryland, Marekani, ila vielelezo vizuri vinavyotafutwa leo ni vya kwetu Katanga. Kwa hiyo andika yote unayojua: mgodi, mwaka, alilipataje mzee. Kikaratasi cha zamani kikiwepo, kisitupwe. Bila mahali lilikotoka, bei inaanguka.

Kutoka Namur

Mwanangu, naongeza moja. Kwenye sanduku la mzee kuna mawe mengine? Waliofanya kazi upande wa Likasi wengine walibeba kumbukumbu za Shinkolobwe, mgodi wa urani. Ukikuta jiwe jeusi zito kupita kiasi, au lenye ukoko wa njano au kijani kali, liache hapo lilipo, watoto wasilishike, usilipeleke posta wala kwenye treni. Wapigie AFCN, wale wa serikali ya Ubelgiji wanaosimamia mambo ya nyuklia, uulize utaratibu.

Kutoka Liège

Asante baba, asante kaka. Yapo mengine, nimefunga chumba. Hili la kijivu nilipeleke Tervuren, kwenye Makumbusho ya Afrika?

Kutoka Antwerp

Waandikie kwanza, na picha mbili tatu za mchana, bila flashi. Makumbusho wanaweza kukusaidia kulitambua, bei usiwaulize. Kwa bei subiri Juni, maonyesho ya madini ya Sainte-Marie-aux-Mines kule Alsace, Ufaransa. Zunguka na picha kwenye simu, jiwe libaki nyumbani, uone karolaiti zinazofanana nalo zimeandikwa euro ngapi. Bei ya mezani si bei watakayokununulia. Muuzaji lazima abaki na chake. Ukipita kwa watatu utajua.

Na ukilisafirisha, funga kwa karatasi laini ya chooni kabla ya pamba. Pamba inanasa kwenye kingo.