Maonyesho ya muda ya sanaa Dar: Makumbusho ya Taifa, Nafasi Mikocheni au Upanga? Nina Jumamosi moja tu

BintiTabata
Habari za jioni wakuu. Mpwa wangu wa kidato cha tatu anakuja likizo kutoka Singida. Mtoto anachora balaa. Daftari lake la Baiolojia limejaa nyuso za walimu, mpaka dada yangu aliitwa shuleni akaelezwe maana ya mwalimu wa nidhamu kuchorwa na masikio ya sungura. Nimemwahidi siku moja ya kuangalia picha zilizotundikwa ukutani, siyo za kwenye simu. Jumamosi ninayo moja, nyingine zote niko zamu.

Nataka onyesho la muda, lile linalokuja na kuondoka. Fuvu la Zinjanthropus alishaliona kwenye ziara ya shule. Ninayoyafahamu ni Makumbusho ya Taifa pale Posta, Nafasi Art Space Mikocheni, halafu Upanga kuna vituo vya utamaduni, Alliance Française ya Wafaransa na Goethe-Institut ya Wajerumani. Naomba mnilinganishie: nauli, kiingilio, wingi wa kazi, na kama mtoto anaweza kuongea na msanii hata mmoja.

Nina kidonda kwenye hili suala. Mwaka jana nilipanda magari mawili kwenda kuona onyesho mahali fulani mjini (sipataji). Tangazo lilisema mpaka tarehe 30. Nafika tarehe 28 nakuta misumari ukutani na kijana anapiga deki. Nikamuuliza picha ziko wapi, akaniuliza picha zipi.

Sinza_Kijiweni
Nafasi. Uzi ufungwe.

Kalamu_ya_Risasi
Pole dada. Mimi nafundisha kuchora na huwa nawapeleka wanafunzi, kwa hiyo nakujibu kwa uzoefu wa miguu yangu.

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Utamu wake ni ukumbi. Upande mpya, wanaouita Nyumba ya Utamaduni, una nafasi ya kurudi nyuma hatua kumi ukaiangalia kazi kubwa ilivyo. Hilo wengi hawalipi uzito. Turubai la mita mbili ukilitazama kwenye korido unaona rangi tu, huioni picha. Pia ukikuta onyesho lenyewe ni jepesi hujapoteza nauli, maana unahamia jengo la zamani lililofunguliwa 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George V, unaona magari ya Mwalimu, unasimama kwenye kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998. Kiingilio kipo, kwa Mtanzania hakiumi. Mtoto abebe kitambulisho cha shule, na wewe uwe na salio kwenye simu usitegemee noti peke yake. Usafiri rahisi: mwendokasi, unashuka Posta ya Zamani au Kivukoni, unatembea. Ila siku ya kawaida utakutana na picha na mlinzi. Msanii yuko kwake Kigamboni anachora nyingine.

Nafasi ni kitu tofauti kabisa. Ipo tangu 2008 kule kwenye viwanda vidogo vya Mikocheni B, na wasanii wanafanyia kazi humo humo, wengine kwenye makontena ya meli yaliyogeuzwa studio. Ukumbi wa maonyesho ni mmoja na si mkubwa, kwa hiyo ukienda kwa ajili ya wingi wa picha ukutani unaweza kumaliza kwa dakika ishirini. Lakini ukitoka nje ya ukumbi ndipo shughuli inapoanza. Mlango wa kontena uko wazi, mtu yumo ana rangi mpaka kwenye nyusi, unabisha hodi. Kwa mtoto anayechora, kuona picha iliyoishia nusu kunafundisha kuliko kuona kumi zilizokamilika. Anaona mstari wa penseli chini ya rangi. Anaona pale msanii alipokosea akafuta.

Upanga sina maneno mengi. Kumbi ndogo, hali nzuri ya hewa, huingii kwa kulipa, na maonyesho yao mara nyingi yana wazo moja lililoshikwa vizuri, la wasanii wa hapa au wa huko kwao. Ni mahali pa mtu anayefanya kazi mjini kupitia jioni. Kumtoa mtoto Tabata kwa hapo peke yake, hapana.

Mchokozi_Mstaarabu
Kwani picha si zimejaa Mwenge na Oysterbay bure kabisa? Unatembea unaangalia mpaka unachoka, hakuna anayekuuliza tiketi.

Kalamu_ya_Risasi
Zipo, na wapelekeni watoto. Pale Oysterbay chama cha Tingatinga unawaona wanapaka rangi ileile ya kung'aa aliyoanza nayo Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, ya kupakia baiskeli. Lakini hiyo ni karakana na duka, kinachowekwa mbele ni kinachouzika. Twiga amechorwa jana na atachorwa kesho. Kwenye onyesho msanii ameamua: hizi kumi na nne, kwa mpangilio huu, ndiyo nilichotaka kusema mwaka huu. Halafu zinashuka, na huenda usizione pamoja tena maisha yako yote.

Fundi_Fremu
Mimi ni mmoja wa wanaozipandisha na kuzishusha, ngoja nimjibu dada kuhusu misumari yake.

Onyesho halimalizwi na tarehe ya kwenye bango, linamalizwa na ukumbi. Kuna warsha Jumatatu, mwenye ukumbi anataka viti viingie Jumapili, basi napigiwa simu Ijumaa: fundi njoo ushushe. Nimeshashusha kazi huku kuna wageni wanaangalia, naomba samahani napita na turubai mbele yao. Bango la kwenye Instagram hakuna anayekumbuka kulirekebisha. Kwa hiyo usiende wiki ya mwisho. Wiki ya kwanza kazi zote zipo, taa zote zinawaka, na hata zilizouzwa hazijaondoka. Ukiona kidoti chekundu kimebandikwa pembeni ya jina la picha, ujue imenunuliwa, inasubiri onyesho liishe.

Na mwambie mtoto asisimame mbele tu. Achungulie ubavuni. Ubavu wa turubai ndiko msanii anakofutia brashi, utaona rangi zote alizopitia kabla ya kuamua. Unyevu wa mji wetu huu unalegeza kitambaa, ndiyo maana kwenye pembe za nyuma kuna vikabari vya mbao tunavigonga taratibu mpaka kikaze kama ngoma. Asiguse lakini. Kuna bwana mmoja aligusa picha ya mafuta siku ya ufunguzi, msanii alikuwa ameimaliza juzi yake. Aliondoka na bahari ya buluu kwenye shati jeupe.

Mama_Wawili_Kijitonyama
Naona hamjagusa siku ya ufunguzi, wakati ndiyo siku pekee ambayo kila msanii lazima awepo. Nami nasema dada USIENDE na mtoto siku hiyo. Niliwapeleka wanangu kwenye ufunguzi mmoja mwaka juzi, sitaji wapi. Kadi ilisema saa kumi na mbili jioni. Mgeni rasmi kafika saa moja na nusu. Hotuba tatu, mbili kwa lugha ambayo wanangu hawaijui. Watoto wamemaliza sambusa zote, wamelala kwenye viti, picha tumeziona mgongoni mwa watu wenye glasi mkononi. Nyumbani tulifika saa tano usiku.

Jambo lingine linaloniudhi ni vibandiko vya maelezo. Unakuta msanii Mtanzania, ukumbi uko Dar, picha ni ya mama ntilie anayepepea jiko la mkaa, maelezo ni Kiingereza kitupu. Mama ntilie mwenyewe akiingia pale ataambiwa na nani kwamba ni yeye? Waweke lugha mbili, karatasi siyo ghali hivyo.

Kijiji cha Makumbusho hapa kwetu Kijitonyama ni pazuri kwa nyumba za asili, lakini siyo swali lako.

Sinza_Kijiweni
Sambusa ndiyo onyesho lenyewe mama.

Mzee_wa_Upanga
Wanangu, hamjambo. Mnalinganisha vizuri, lakini mmeanzia katikati. Sisi tulikuwa na Nyumba ya Sanaa, ilianza 1972. Ulikuwa unatoka kazini Posta unakatiza pale, unamkuta mtu anachonga, mwingine anapika nta ya batiki, ukutani kuna kazi mpya. Nilinunua batiki pale nikiwa kijana wa mshahara mdogo, ipo sebuleni mpaka leo, imepauka upande wa dirisha. George Lilanga, Mmakonde yule wa vishetani vyenye masikio makubwa, alipitia hapo kabla dunia haijamjua. Alifariki 2005, na leo ukitaka kuona Lilanga nyingi kwa pamoja ni rahisi zaidi ukiwa Ulaya.

Na Sam Ntiro? Mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York lilinunua picha yake ya wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mwaka uliofuata Tanganyika ikapata uhuru, na bwana huyohuyo akawa balozi wetu London. Picha iko New York. Makumbusho yetu ina hazina yake, sikatai, ila jumba zima la sanaa ya kisasa ambalo unaingia siku yoyote ukawakuta Ntiro, Lilanga na hawa vijana wa leo kwenye ukuta mmoja, hatuna. Ndiyo maana haya ya muda kwetu siyo kionjo, ni mlo wenyewe. Likikupita limekupita.

Kwa hiyo, binti, usichague jengo. Uliza kwanza ni nani anaonyesha wiki hiyo, ndipo upande gari.

BintiTabata
Shikamoo mzee. Na yale masikio ya sungura sasa nimepata wa kumsingizia, nitamwambia dada kuwa mtoto amefuata nyayo za Lilanga.

Nimewaelewa. Nitapiga simu Ijumaa kote. Kukiwa na kitu kipya Makumbusho, tutaanza huko asubuhi, tupande daladala ya Mwenge, halafu bajaji mpaka Nafasi. Upanga nitakwenda mwenyewe nikitoka zamu.

Mzee_wa_Upanga
Marahaba. Bebeni maji.

BintiTabata
Mrejesho wakuu, nimechelewa siku tisa, nisameheni.

Kote nilipiga simu. Makumbusho simu ilipokewa, nikaambiwa ukumbi uko kwenye matayarisho, onyesho jipya ni wiki inayofuata. Bila ushauri wenu ningekwenda kuangalia ngazi na ndoo za rangi. Tukaanzia Nafasi moja kwa moja, bajaji kutoka Mwenge elfu tatu, dereva alitaka tano.

Ukumbini tulimaliza dakika ishirini na tano, mwalimu Kalamu una saa kichwani. Mtoto alichungulia ubavu wa kila picha mpaka dada wa mapokezi akaja kuuliza kama amepoteza kitu. Halafu tukaenda kwenye makontena. La kwanza lilikuwa limefungwa. La pili kulikuwa na kaka anachora watu wanaogombania mlango wa daladala, nusu yao hawana nyuso bado. Mpwa wangu, ambaye nyumbani maneno hayamtoki, akamuuliza kwa nini ameanza na mikono. Yule kaka akaomba aone daftari. Akafunua kurasa za walimu wote, akacheka sana kwa yule wa nidhamu, kisha akamwambia, "Nyuso unazijua tayari. Nenda ukanichoree mikono hamsini, halafu rudi."

Gari la kurudi Tabata lilijaa, tukasimama. Mtoto akaegemea kiti cha dirishani akaanza na mkono wa konda, ule ulioshika noti zilizokunjwa kwa urefu katikati ya vidole. Konda akachungulia, akasema kidole cha pete kimekuwa kifupi. Akaunyoosha mkono wake juu ya daftari akautuliza hapo hapo, abiria wanagonga bati wanataka kushuka, mpaka tulipofika Ubungo.

Imebaki mikono arobaini na tatu.