Mrejesho: kifundo cha mguu kinachoteguka kila mara

Wandugu, niliwauliza kwa nini kifundo changu cha kulia kinateguka kila nikikanyaga vibaya mawe ya volkano ya huku Goma, hata baada ya maumivu kuisha. Mlinijibu niufundishe mguu usawa, nisitegemee bendeji tu. Nimefanya wiki 8.

Nilianza kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, sekunde 30, mara 3, huku napiga mswaki. Siku ya kwanza sikufika hata 10; watoto walicheka sana. Kisha nikafumba macho, na hapo ndipo nilimwelewa yule yaya (mkubwa wetu) mmoja wenu aliyeandika kwamba kano, zile nyuzi zinazoshikilia mifupa ya kifundo, zikishavutika, mguu unachelewa kuhisi umelalia upande gani. Bila macho nilikuwa kama mlevi! Sasa nasimama juu ya godoro lililokunjwa, mwanangu ananirushia mpira.

Zoezi la kuinuka kwa vidole nalifanya kwa uvivu, nakiri.

Mguu umeyumba mara mbili tu tangu nianze, na zote ulijirudisha wenyewe kabla sijaanguka. Uwanjani bado sijarudi. Kuruka na kutua kwa mguu huo kunanitia woga. Bendeji nimempa jirani anayesukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo.