Vyama vidogo kwenye nchi ya chama kimoja: pambo au vilikuwa na kazi?

Mdau_Soweto (Moshi):
Wakuu, kidato cha sita hapa Moshi wana mdahalo: vyama vidogo vilivyoshikamana na chama tawala Ujerumani Mashariki, Poland na China vilikuwa pambo tu. Kwa nini havikufutwa? Kuna mahali viliwahi kumgeuka mkubwa?

Njiro_A:
Mkuu, kila kimoja kilipewa watu wake. Ujerumani Mashariki, CDU ilibeba Wakristo, LDPD mafundi na wafanyabiashara wadogo, DBD wakulima, NDPD askari wa zamani na waliokuwa Wanazi wa ngazi za chini. Mtu asiyetaka kukanyaga ofisi ya SED, chama tawala cha kikomunisti, alipata pa kuandikishwa, na SED ikapata sikio kwa watu hao.

Viti vya bunge viligawanywa kabla ya kura. Tangu 1963, kati ya viti 500, SED 127, vyama hivyo vinne 52 kila kimoja, na 165 vya jumuiya za wafanyakazi, vijana, wanawake na utamaduni. Vijana wasidanganyike na hiyo 127! Wabunge wengi wa jumuiya walikuwa na kadi ya SED. Orodha ilikuwa moja: unakunja karatasi, unatumbukiza. Ukiingia kibandani kukata majina, kila mtu anakuona.

Sakina77:
Kugeuka kupo. Machi 1972, Ujerumani Mashariki hiyo hiyo, kwenye sheria ya utoaji mimba, wabunge 14 wa CDU walipinga na 8 hawakuegemea upande. Sheria ikapita.

Lakini hoja nzito ni Poland 1989. Bunge la viti 460: PZPR (chama tawala cha kikomunisti) 173, vyama vidogo washirika wake ZSL (cha wakulima) 76 na SD 27, makundi ya Wakatoliki waliokuwa upande wa serikali 23, Solidarity (wapinzani) 161. PZPR peke yake haifiki 231, yaani zaidi ya nusu, iliishi kwa kuwategemea hao wadogo. Agosti ZSL na SD wakahamia kwa Solidarity: 161+76+27 ni 264. Tarehe 24 Mazowiecki wa Solidarity akathibitishwa kuwa waziri mkuu. Walioitwa pambo ndio walioamua nani aunde serikali.

Mdau_Soweto (Moshi):
Asanteni sana. Na TANU na ASP je?

Njiro_A:
Hapana, usiwaweke kundi hilo. Katiba ya muda ya 1965 iliipa TANU Bara na ASP Zanzibar, kila kimoja kinatawala kwake, hadi CCM ilipozaliwa 5 Februari 1977. Anayetetea "pambo" ashike China: vyama vinane, vyote vinakubali uongozi wa Wakomunisti, na baraza lao la mashauriano linashauri tu, halitungi sheria.