Devil May Cry 5, Bayonetta au Devil May Cry 3: nianze na ipi kwenye PS4?

Mpwa wa Mbagala:
Wanajamvi, habari zenu. Mwezi huu nina uwezo wa kununua gemu moja tu. Nimezoea gemu za mapigano ambazo mwenye subira hushinda, lakini juzi rafiki yangu alinionyesha Dante, shujaa wa Devil May Cry, akimcharaza shetani mmoja hewani kwa muda mrefu bila yeyote kati yao kugusa ardhi, na tangu hapo sijatulia. Naomba mnieleze tofauti ya uchezaji wenyewe. Hadithi nitaifuata baadaye.

Mzee wa Pedi:
Mkuu, anza na Devil May Cry 5, ya mwaka 2019. Kumuua shetani humo si kazi kubwa, kwani hata kwa kurudia pigo moja utamaliza misheni nyingi. Utamu uko kwenye alama. Herufi huanzia D na kupanda hadi SSS, na hupanda pale tu unapobadilisha mapigo. Ukirudia lile lile inakwama, ukipigwa inaporomoka. Muziki nao hufuata mikono yako, maana kiitikio cha wimbo hakilipuki mpaka ufike S, na mara ya kwanza kilipolipuka nikiwa na Nero, mmoja wa wahusika watatu unaowachezesha, nilisimama wima sebuleni.

Nero ana upanga wenye kishikio kama cha pikipiki: ukibonyeza kitufe cha kuupasha moto wakati ule ule upanga unapotua, pigo linalofuata linakuwa kali zaidi. Dante ana mitindo minne ya kupigana, nawe unaibadilisha papo hapo katikati ya pambano, pamoja na silaha zake zote. Miezi mitatu nimejifunza mitindo miwili tu, na bado kila jioni nagundua jambo jipya. Mhusika wa tatu, V, ndiye asiyenivutia sana, kwa sababu husimama pembeni akiwatuma ndege na chui wake, kisha huenda kummalizia adui kwa mkongojo.

Binti Kisauni:
Mzee wa Pedi amesema vema, ila mimi ningemshauri aanze na Bayonetta. Hideki Kamiya aliyeongoza Devil May Cry ya kwanza mwaka 2001 ndiye aliyeongoza Bayonetta mwaka 2009, kwa hiyo hizi ni gemu za damu moja. Tofauti yao ni kukwepa. Ukikwepa pigo likiwa limebaki nywele moja likufikie, muda unapungua kasi na malaika (huku maadui ni malaika) wanabaki wakielea kama wako majini, nawe unawapiga utakavyo. Zaidi ya hapo, ukishikilia kitufe cha pigo huku unakwepa, mfululizo wako wa mapigo haukatiki bali unaendelea pale ulipoishia. Katika Devil May Cry 5 mara nyingi adui ni ngoma na wewe ndiye mpigaji. Katika Bayonetta adui naye anapiga, na lazima umsikilize.

Kasoro zipo, nami sizifichi. Safari za pikipiki na kombora ni ndefu kupita kiasi, na kuna sehemu zinazokuua papo hapo usipobonyeza kitufe kwa wakati. Tena Bayonetta ya pili na ya tatu hutazipata kwenye PS4, kwa kuwa zimetoka kwenye mashine za Nintendo pekee.

Mlinzi wa Lango:
Devil May Cry 3 ya mwaka 2005 iache kwanza. Mapambano ya Dante na kaka yake Vergil ndiyo bora katika gemu zote za Devil May Cry, lakini kwenye PS4 mtindo wa kupigana unachaguliwa kabla ya misheni au kwenye sanamu zilizomo ndani yake, si katikati ya pambano, na kamera yake ya zamani itakuchosha.

Mpwa wa Mbagala:
Nashukuru sana. Swali moja: yule shetani alikaaje hewani muda wote ule?

Mzee wa Pedi:
Alikuwa akikanyagwa. Ukiruka ukiwa karibu kabisa na adui hewani, unamfanya ngazi, na pigo ulilokuwa ukilipiga linakatishwa ili uanze upya. Nenda kwenye chumba cha mazoezi, chagua adui mmoja mwepesi, ukanyage na kupiga mara moja moja mpaka kidole kizoee, kisha ongeza kasi.

Mpwa wa Mbagala:
Nimechukua ya 5. Jana usiku nilikanyaga mara tatu mfululizo, nikaanguka, nikapigwa, herufi ikarudi D. Bayonetta nitainunua mwezi ujao, Binti Kisauni.