Tunazoa taka bure, ada ya taka tunalipa, gari haliji. Kigoma tunafanyana wajinga?

Wakuu, mwakeye. Watu wa mwisho wa reli nisomeni taratibu, na wasimamizi wa jukwaa naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa bei ya dagaa.

Mimi na mume wangu tunafanya usafi mtaani kwetu kila Jumamosi asubuhi. Hatujatumwa na mtu, hatuna mfadhili, hatuna fulana zenye maandishi mgongoni. Tuna reki moja, koleo, fagio za chelewa, glavu na magunia matupu ya mkaa tunayonunua kwa mama muuza mkaa. Tunaanzia kona ya mashine ya kusaga, tunashuka na mtaro mpaka lami. Tukimaliza tunaoga, kila mtu anashika shughuli zake. Mtaa siutaji, na mnaotujua naomba nanyi msiutaje, maana nataka taka ziondoke, sitaki kesi.

Kuzoa kwenyewe hakuniumizi, nilishazoea. Kinachonichoma roho ni kwamba tunajaza magunia, tunafunga midomo kwa kamba, tunayapanga pembeni ya barabara palepale tulipoelekezwa na wahusika wenyewe, halafu gari haliji. Wiki inakatika. Mbuzi wanatoboa magunia wakitafuta maganda ya ndizi, mbwa wanamalizia. Mvua ikipiga, vyote vinarudi mtaroni. Jumamosi inayofuata tunazoa taka zilezile. Jamani, kuna pampasi moja yenye picha ya tembo wa bluu kiunoni nimeshaiokota mara mbili. Naijua! Mara ya pili ilikuwa imevimba kwa maji, nzito kama tikiti, na ilipopasuka kwenye koleo ule ute wake ukanirukia gaunini. Mume wangu akacheka. Mimi sikucheka.

Mnaokaa nyanda tambarare hamtaelewa, acha niwaeleze. Mji wetu umekaa mteremkoni. Ukitoka Mwanga kwenda stesheni unashuka tu, na maji ya mvua nayo yanashuka hukohuko, hayana njia nyingine. Kitu ulichotupa juu asubuhi, mvua ya jioni inakupelekea ziwani bila nauli. Na ziwa lenyewe mnalijua: kina kinafika takribani mita 1,470, la pili duniani kwa kina, nchi nne zinalitumia, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, uko upande wa Kongo. Kilichozama humo kimezama, msitegemee kuna mahali kitatokea. Humohumo ndimo yanamotoka maji ya bomba tunayopikia ugali, na dagaa na migebuka ya kulia huo ugali.

Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi upande wetu wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Tulivumilia, wavuvi walikaa vibarazani, bei zilivyokuwa kila mtu anakumbuka kwake. Mimi nilikubaliana nalo kabisa. Lakini hivi tunawapa samaki likizo ya uzazi ya miezi mitatu halafu tunawaletea pampasi za watoto wetu?

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike leo.

Jumamosi tuko mtaroni, mume wangu kainama anavuta kipande cha wavu wa zamani kilichojisokota na matope, mimi nimebeba gunia. Akaja kijana nadhifu, begi kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nimefuata ya taka."

Nikafurahi jamani! Nikadhani gari limefika. Nikamwambia yale pale, mwambie dereva arudi kinyumenyume asogee, sisi tutapakia.

"Hapana mama, ada. Ada ya mwezi. Kila kaya."

Mume wangu akanyanyuka, matope mpaka kwenye viwiko, akamuuliza kwa upole wake ule unaoniudhi: "Haya magunia gari linayachukua lini, kijana wangu?"

"Mzee, mimi nahusika na makusanyo tu. Watu wa gari ni wengine."

Kamashine kakatoa risiti. Tukalipa. Ndiyo, tulilipa, kwa sababu mume wangu hapendi kudaiwa na mtu yeyote, hata anayemdai kwa kazi aliyoifanya yeye mwenyewe. Risiti ninayo. Kijana sina ugomvi naye, katumwa, naye ana tumbo. Ugomvi wangu ni na aliyemtuma. Kumbe mashine ya kukusanyia hela inajua njia ya mtaa wetu, mlango kwa mlango, haipotei. Gari la taka ndilo halijui njia!

Ukienda kuuliza ofisini unaambiwa gari bovu. Ukirudi unaambiwa gari limepona ila mafuta. Ukirudi tena aliyekujibu yuko semina. Mkandarasi wa kuzoa taka naye simu yake inaita mpaka inakata. Nimeacha kwenda, soli za viatu nanunua mwenyewe.

Nisiseme viongozi hawafiki kabisa, nitakuwa muongo. Kuna Jumamosi ya mwisho wa mwezi walifika, wengi, na kamera. Mmoja akaniomba reki, akaishika kichwa juu mpini chini, akapigwa picha, akanirudishia, wakapanda gari wakaenda. Magunia wakayaacha. Gari walilokuja nalo lilikuwa na bodi tupu nyuma, nililitazama kwa macho yangu mpaka likakata kona.

Majirani nao. Hapa ndipo nitachukiwa, haya nichukiwe. Tulipoanza walituita waokota makopo. Mtoto wa nyumba ya tatu alikuwa anatuimbia kabisa. Sawa. Siku hizi hawatucheki tena, wamepata faida kwetu. Kuna dada mmoja, mstaarabu tu, tunasalimiana, tunazikana. Juzi katoka na ndoo yake ya taka, kaja mpaka tulipo, kaimimina mtaroni hatua kama tatu mbele ya reki yangu. Mbele ya reki! Nikamwambia, mwenzangu, kulikoni? Akanijibu anatabasamu: "Si mpo, mama? Mnanisaidia safari." Hakunitukana, ndugu zangu. Alikuwa anashukuru. Hapo ndipo nguvu ziliniisha, maana mtu akikutukana utamjibu, sasa anayekushukuru utamfanyaje? Kwake yeye huduma ya taka imeshafika mtaani, nayo ni sisi wawili. Na huko ofisini nahisi wanafikiri hivyohivyo: mtaa ule hauna shida, wana watu wao.

Mnasema makopo yana soko. Yana soko la kuchagua. Vijana wanaokusanya wanapita kabla yetu, wanachukua chupa ngumu zilizo safi, zenye matope wanaziacha. Siwalaumu. Kutoka huku mpaka viwanda vya Dar es Salaam reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na chupa tupu inajaza behewa kwa hewa. Nani atamlipa vizuri mtu wa Kigoma? Pampasi hakuna anayenunua. Vile vifuko laini navyo hakuna anayenunua.

Vifuko hivyo nisipovitaja nitakuwa sijasema kitu. Rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ukikamatwa nayo mkononi ni faini isiyozidi shilingi 30,000 au siku saba ndani. Lile zoezi lilifanya kazi. Mnakumbuka rambo zilivyokuwa zinaning'inia kwenye miiba na senyenge? Ziliisha. Kisha taratibu vikaingia hivi laini visivyo na mishikio, ambavyo vilikusudiwa kufungashia bidhaa, sasa ndiyo vya kubebea nyanya, ubuyu, karanga, dagaa wa kupima, kila kitu. Kimoja ukikishika kinakatikia mkononi, nusu unaizoa, nusu inabaki kwenye udongo. Katika gunia letu moja, kuvitenganisha na mchanga ndiyo kazi inayokula asubuhi nzima. Ukimgomea muuza genge anakushangaa: sasa mama utabebea nini?

Kabla hamjaja na ile ya "serikali haiwezi kukufagilia mlangoni", tafadhali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekabidhi taka ngumu kwa serikali za mitaa, kukusanya, kusafirisha mpaka kutupa. Mwananchi kazi yake ni kutotupa ovyo na kulipa anachotakiwa. Mimi nalipa, situpi, na juu yake nazoa za wengine. Kwa wasiojua, wakazi wa Tabata kule Dar es Salaam waliwahi kulipeleka jiji mahakamani mwaka 1988 kwa sababu ya dampo na moshi wake, na mahakama ikawapa haki. Sijasema nakwenda mahakamani. Nasema tu kwamba watu wa kawaida waliwahi kwenda, wakasikilizwa.

Sasa tumegombana ndani. Mimi nimesema tugome. Tuache kila kitu kilale palepale, mtaro uzibe, watu wanuse mpaka wajue kuna kitu kinaitwa taka. Baba watoto hataki. Hoja yake, na hapa ananiweza, ni kwamba chini kabisa ya mtaro kuna bibi anayeishi na wajukuu, nyumba ya tofali mbichi. Mvua za Machi mtaro ukiziba pale kwenye kalavati maji hayana pa kupita ila sebuleni kwake. Mkandarasi hataloa. Aliyeshika reki yangu hataloa. Ataloa bibi. Kwa hiyo tunagoma dhidi ya nani?

Nimemwambia basi tugome nusu. Kalavati tutazibua, lakini gunia hata moja hatujazi mpaka tuambiwe gari linapita siku gani. Siombi gari la kila siku. Siku moja kwa wiki, hata kwa wiki mbili, iandikwe kwa chaki ukutani kwenye ofisi ya mtaa: Jumanne, saa fulani. Tukijua siku, magunia yatatoka nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo, mbuzi hawatayakuta. Hakuna mradi hapo wala semina, ni chaki tu na dereva anayetimiza ahadi. Hilo nimemwambia mwenyekiti wa mtaa, akaandika kwenye daftari. Daftari lake limejaa sana yule mzee, masikini.

NAONGEZA, saa tatu usiku. Nimesoma majibu yote, mengine nimeyasoma nimeshika kiuno.

Mnaosema tuchome: mmeshawahi kuchoma pampasi mbichi? Haiwaki, inafuka siku nzima, moshi mweusi unaingia kwenye vyumba vya watu, na mtaani tuna watoto wenye pumu. Mmoja asiyejulikana aliwahi kuyatia moto magunia yetu usiku, kesho yake nikaonekana mimi ndiye mchawi wa mtaa.

Mnaosema tufukie: mteremko, mkuu. Nimeandika hapo juu. Mvua inafukua.

Aliyesema tukodi guta la matairi matatu: tulishakodi, kwa hela yetu ya mboga. Yule kijana alipoona kinachovuja kwenye gunia la pili akashusha yote, akaturudishia nusu ya malipo, akaondoka na mluzi. Na dampo si la kupeleka guta, kilima kile hata pikipiki inalia.

Mdau wa Ujiji uliyesema kwenu mna utaratibu wa kuchangishana nyumba kumi kumi mkamlipa mtu wenu, nimekuelewa, ni wazo zuri, ila kwetu watu watauliza: na ile ya risiti? Watakuwa na haki ya kuuliza. Hata mimi nitauliza.

Na wewe unayesema tunatafuta udiwani. Mume wangu akisimamishwa mbele ya watu watano kwenye msiba kutoa neno la shukrani anaanza kutetemeka magoti. Mimi ndiyo ningegombea, tena ningeweza, lakini kwa namna ulivyoandika nahisi ni jirani yangu, na ndoo yako naijua rangi.

Kwa wenye nia njema: kuna magunia zaidi ya ishirini pembeni ya barabara sasa hivi na wingu limeanza kujikusanya upande wa Kongo. Mwenye kanta au tipa inayoshuka tupu Jumamosi hii tuwasiliane inboksi. Kupakia tunapakia wenyewe, mafuta tunachanga, na dereva atakula wali na migebuka kwangu. Asiwe mtu wa kuniambia "nakuja" halafu anazima simu, wa hivyo ninao wa kutosha.